Barua ya Alhamisi: Tulivyoketi na wanahabari kuliunda upya jarida lililokuwa linakufa

SIMU yangu inasema nina barua pepe 4,312 ambazo sijasoma. Usinicheke, hata wewe uko na zako. Kuna za benki, kuna za duka nililonunua viatu mara moja tu, kuna za kazi nilizoomba wakaniambia "tutakupigia" na mpaka leo simu haijalia.

Katikati ya msitu huo kuna barua moja ya mwaka wa 2022 ambayo sijawahi kuifuta. Ni jarida la barua pepe, yaani ile barua ambayo chombo cha habari hukutumia kila wiki kukujuza yaliyojiri. Hili lilikuwa linakuja kila Alhamisi asubuhi, na nilijiandikisha mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili chuoni, karo imenikaba koo, nasaka basari kama wengine wanavyosaka mechi za kubeti.

Siku moja beshte yangu wa hosteli akaniuliza, "Si uliomba ile ya kaunti?" Nikamuuliza gani. Akanionyesha picha ya skrini kwenye simu yake: basari, masharti, mahali pa kuchukua fomu, siku ya mwisho. Siku hiyo ya mwisho ilikuwa imepita siku kumi na moja nyuma. "Ilikuwa kwa ile barua ya Alhamisi," akasema. Nilifungua yangu hapo hapo nikaisoma kutoka juu hadi chini, mara mbili. Sikuiona.

Nikajiambia basi ni mimi ndiye mzembe, labda nilisoma vibaya. Muhula uliofuata sikurudi. Sisemi barua pepe ndiyo iliyonitoa chuo. Kilichonitoa ni karo, na hata ningeomba ile basari labda nisingepata. Lakini kuna tofauti kati ya kunyimwa na kutojua kama kulikuwa na kitu cha kuomba.

Sasa, mapema mwaka huu, chumba hicho hicho cha habari kilituma ombi: kilitaka wasomaji wachache wa kukaa nao Jumamosi nne ili kuliunda upya jarida lao. Nilijiandikisha. Nusu ni kwa sababu naandika blogu na mambo ya dizaini hunivutia. Nusu ni hasira za miaka. Jina la chombo chenyewe nitalibana. Ni kidogo, kiko ghorofa ya tano katikati ya jiji, na lifti yake haifanyi kazi.

Simu mezani, midomo kimya

Nilitarajia zile shughuli za kawaida: chai, mandazi, fomu ya kujaza, picha ya pamoja, kwaherini. Tulikuwa wasomaji saba. Kulikuwa na jamaa wa bodaboda kutoka Kayole, mwalimu mstaafu, mama mwenye duka la dawa Githurai, wanafunzi wawili wa chuo, fundi wa simu, na mimi. Upande wao walikuwa wanne: mhariri, mwandishi wa ile insha ndefu inayofungua jarida, jamaa wa matangazo ya biashara, na kijana wa mafunzo ya kazi aliyekuwa akiunganisha barua yenyewe kila Jumatano usiku.

Mhariri hakutuzungusha. Alisema wakubwa wanataka jarida lifungwe mwisho wa mwaka kwa sababu takwimu zinaonyesha halisomwi. "Mimi nadhani linasomwa vibaya," akasema, "na sijui ni kwa nini. Ndiyo maana mko hapa."

Zoezi la kwanza halikuwa kutoa maoni. Kila mmoja aliambiwa aweke simu mezani na afungue jarida la wiki hiyo jinsi huwa analifungua akiwa kwake. Wanahabari waliruhusiwa kutazama na kuandika. Hawakuruhusiwa kueleza chochote. Sheria hiyo ndogo iliwatesa kweli kweli, ungeona vile mdomo wa jamaa wa matangazo ulikuwa unawasha.

Simu ya jamaa wa boda ilionyesha maboksi meupe matupu. Yeye huzima picha kwenye barua pepe ili bando lake la shilingi 20 lifike jioni. Vichwa vya habari vyote vilikuwa vimetengenezwa kama picha ili vipendeze, kwa hivyo yeye alikuwa anasoma aya bila vichwa na kukisia habari ni ya nini. Kila wiki. Kwa miaka miwili.

Mwalimu alikuwa ameongeza ukubwa wa herufi kwa sababu ya macho. Jarida lilikuwa limepangwa kwa safu mbili, kwa hivyo kwake kila mstari ulibeba maneno mawili, kama shairi ambalo hakuna aliyelitunga. Mama wa duka la dawa hakulipata kabisa. Gmail ilikuwa inalitupa kwenye sehemu ya matangazo, kando ya ofa za magunia ya unga na tiketi za ndege, na huko yeye hafiki.

Kisha mhariri akafungua tarakilishi kuangalia rekodi zake. Kulingana na mfumo wao, jamaa wa boda hajawahi kufungua barua hata moja. Alikuwa karibu kufutwa kwenye orodha kama msomaji mfu.

Hii ilinishangaza mpaka kijana wa mafunzo akatueleza. Mfumo hujua umefungua barua kwa kutumia kapicha kadogo sana, kasikoonekana kwa macho, kalikofichwa ndani yake. Kapicha kakipakuliwa, unahesabiwa. Ukiwa umezima picha, hauhesabiwi, hata ukisoma barua nzima na kumsomea mke wako. Na kinyume chake pia kipo: tangu Septemba 2021, programu ya barua ya Apple huweza kupakua picha hizo yenyewe kulinda faragha ya mwenye simu, kwa hivyo mtu ambaye hajagusa barua anahesabiwa kama msomaji. Wakubwa walikuwa wanataka kulizika jarida kwa kutumia kipimo kinachomhesabu mwenye iPhone asiyesoma na kumwacha mwenye boda anayesoma.

Maboksi ya mbao ya Stockholm

Nilipofika keja usiku huo nilianza kusoma. Kazi tuliyokuwa tunafanya ina jina: usanifu shirikishi. Wasanifu wa programu huzungumzia tajriba ya mtumiaji, yaani mambo yote yanayompata mtu anapotumia kitu, kuanzia anapokitafuta hadi anapochoka nacho. Kwa kawaida msanifu hukuuliza maswali, halafu anaenda zake kuchora. Kwenye usanifu shirikishi, wewe pia unashika kalamu.

Nilichofurahia ni kugundua kwamba magazeti yamo ndani ya historia yake. Mwaka wa 1981, vyama vya wafanyakazi wa uchapishaji vya nchi za Skandinavia pamoja na watafiti wa Uswidi na Denmark walianzisha mradi ulioitwa UTOPIA. Kompyuta zilikuwa zinaingia kwenye magazeti, na watu wa kupanga kurasa waliona kazi na ujuzi wao ukielekea kuyeyuka. Badala ya kungoja kununuliwa mashine wasiyoijua, walitaka kusema wao wenyewe mashine hiyo ifanye nini.

Mwanzoni mambo hayakuenda vizuri. Watafiti walileta michoro na maelezo ya kitaalamu, na wafanyakazi hawakujiona humo. Ndipo wakaanza kuunda kompyuta za bandia kwa makaratasi, katoni na mbao. Boksi tupu liliwekwa mezani na kuandikwa kwamba ni printa. Mfanyakazi alikaa mbele ya skrini ya karatasi, akafanya kazi yake kana kwamba mashine ipo, na hapo ndipo aliweza kusema, "Hapana, hiki mimi nakihitaji upande huu." Gazeti la Aftonbladet la Stockholm lilitumika kama mahali pa majaribio. Mtafiti Pelle Ehn, aliyekuwa kwenye mradi huo, aliandika sana kuhusu yale waliyojifunza.

Nikamtumia mhariri ujumbe: madam, Jumamosi ijayo tununue manila.

Mkasi, gundi na vita vya godoro

Tulichora simu moja kubwa kwenye karatasi ya manila, urefu wa mtu. Jarida la wiki hiyo lilichapishwa na kukatwa vipande vipande: habari, insha, picha, matangazo. Kila msomaji akapewa mwanahabari mmoja na mkasi. Kazi: bandika kile unachotaka kuona, kwa mpangilio unaotaka, na ukibandua kitu useme sababu.

Vita vya kwanza vilikuwa juu ya insha. Mwandishi wake ni mzee wa kazi, mtu wa kalamu safi, na huwa anafungua jarida kwa maneno kama mia sita kabla ya habari yoyote. Wanafunzi wawili waliibandua bila hata kutazamana. Fundi wa simu akaibandua. Mzee alinyamaza, akawa anakunja kipande cha karatasi mkononi.

Kisha Mwalimu akaiokota sakafuni. "Mimi husoma hii peke yake," akasema. "Habari nimeshazisikia redioni. Hii ndiyo sizisikii kokote."

Hapo ndipo niliona kwamba kuwaleta wasomaji hakumaanishi kupata jibu moja. Wasomaji si kijiji chenye mzee mmoja. Mwishowe walikubaliana, mwandishi na Mwalimu wakiwa wameinama juu ya manila pamoja: mistari miwili ya insha ikae juu kama kionjo, na insha yenyewe ikae mwisho, kwa wenye muda. Mzee alikata zile sentensi mbili kwa mkono wake. Alituambia baadaye kwamba kuzichagua kulimchukua muda mrefu kuliko kuandika insha nzima.

Vita vya pili vilikuwa godoro. Jarida lilikuwa na tangazo kubwa la magodoro juu kabisa, na lingine katikati. Sote tulibandua godoro. Jamaa wa matangazo akasimama na kuuliza swali ambalo hakuna aliyelitaka: "Mnajua ni nani anamlipa huyu kijana wa mafunzo? Ni godoro." Kimya. Ni ukweli, na ni rahisi sana kupanga nyumba ya mtu ukiwa si wewe unayelipa kodi.

Kwa hivyo tulipatana. Tangazo moja tu, baada ya habari ya tatu, limeandikwa wazi kwamba ni tangazo, na maneno yake yawe maandishi halisi, si picha, ili hata aliyezima picha aone bei. Jamaa wa boda ndiye aliyemshawishi. "Mimi huyo godoro sijawahi kumuona, buda. Nilikuwa naona boksi tupu. Hao watu wamekuwa wakikulipa bure."

Kipengee cha tisa

Jumamosi ya tatu nilileta kipande changu mwenyewe. Nilikuwa nimekiandika kwa kalamu nyekundu: sehemu ndogo juu kabisa ya jarida yenye mambo matatu au manne ambayo muda wake unaisha. Basari, nafasi za kazi, usajili wa mitihani, siku ya kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti.

Mwandishi mmoja alipinga kwa upole. Akasema wao ni chumba cha habari, si ubao wa matangazo wa chifu.

Sikuwa nimepanga kusimulia mambo yangu. Niliyasimulia. Hosteli, picha ya skrini, siku kumi na moja, kusoma mara mbili bila kuona. Nilipomaliza, Mwalimu alisema tu, "Pole, binti yangu." Mhariri hakusema pole. Aliuliza, "Ilikuwa wiki gani?"

Nilikuwa na barua yenyewe kwenye simu. Akaitafuta kwenye kumbukumbu zao, akaifungua kwa mfumo wa kutengenezea. Basari ilikuwepo, kipengee cha tisa. Akaja upande wangu, tukafungua ile ile kwenye simu yangu, tukateremka pamoja. Cha kwanza, cha pili, godoro, cha tano, godoro, cha saba. Kisha jarida likaisha. Chini kabisa kulikuwa na kamstari kadogo ka kijivu kilichosema ujumbe umekatwa, bofya kuuona wote.

Kijana wa mafunzo ndiye aliyejua. Gmail hukata barua ambayo maandishi na misimbo yake inazidi kilobaiti 102. Picha hazihesabiwi hapo, ila msimbo wa kuzipanga unahesabiwa. Na watu wakinakili habari kutoka kwenye programu ya kuandikia na kuibandika moja kwa moja kwenye barua, hubeba takataka nyingi za msimbo zisizoonekana. Barua ile ilikuwa nzito kupita kiasi. Beshte yangu alibofya kale kamstari. Mimi sikukaona.

Miaka yote hiyo nilijiita mzembe.

Sikulia, kama unajiuliza. Nilienda nje kwenye ngazi nikakaa kidogo. Mhariri alikuja akakaa ngazi moja chini yangu, akasema kwamba kipengee hicho alikiandika yeye, na kwamba alikiweka mwisho kwa sababu hakuona kama ni habari kubwa. Hiyo ndiyo ilikuwa pole yake. Niliipokea.

Tuliporudi ndani hakuna aliyepinga ile sehemu tena, ila swali likawa gumu zaidi: nani atahakikisha kwamba tarehe ni za kweli? Sote tunajua vile fomu feki za basari na kazi zinavyozunguka WhatsApp. Ukiweka tarehe ya uongo juu ya jarida, umemtuma mtu na nauli yake afisi ya kaunti bure. Ndipo yule mwandishi aliyepinga akasema kitu kizuri: hiyo basi ndiyo kazi ya mwanahabari. Wakaweka sheria kwamba hakuna kinachoingia hapo bila kuthibitishwa wiki hiyo hiyo, kwa simu kwa afisi husika au kwa tangazo rasmi walilolisoma wenyewe.

Kwa nini isiwe WhatsApp?

Najua unachowaza. Nani bado anasoma barua pepe, kitu ambacho Ray Tomlinson alikitumia kwa mara ya kwanza kati ya kompyuta mbili huko Marekani mwaka wa 1971? Fundi wa simu aliuliza hivyo hivyo.

Swali lake ni halali. Gazeti la The Continent lilianzishwa Afrika Kusini Aprili 2020 likiwa limetengenezwa makusudi lisomwe kwenye simu na kutumwa kwa WhatsApp, na limepata wasomaji barani kote. Lakini mhariri alitoa sababu yake: orodha ya barua pepe ni yao. Kampuni ya mitandao ikiamka kesho ikabadilisha sheria, bado wanaweza kuwafikia wasomaji wao. Na waajiri, vyuo na afisi za mikopo bado wanakuuliza anwani ya barua pepe, upende usipende.

Tukakutana katikati. Ile sehemu ya tarehe imeandikwa kwa maneno matupu, bila urembo, ili mtu aweze kuinakili na kuirusha kwenye kundi la familia au la chama. Mama wa duka la dawa ndiye anayeirusha sana.

Mtu aliyedhani ni vifo

Kijana wa mafunzo alitengeneza mfano wa kwanza, halafu tukautoa nje. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka wa 2000 kwamba huhitaji umati kujaribu kitu. Watu watano hivi wanatosha kuonyesha sehemu kubwa ya matatizo, kisha unarekebisha na kujaribu tena. Kwa hivyo tulitafuta watano ambao si sisi, maana sisi tulikuwa tumeshaanza kujiona maprofesa. Tuliwapata stejini na kwenye kibanda cha chapati, tukawanunulia chai.

Tulijivunia sana ile sehemu yetu ya juu. Tuliiita "Tarehe za Mwisho". Mama mmoja aliisoma, akashika kifua, akauliza, "Ni nani amekufa?" Alidhani ni matangazo ya vifo. Wa pili alidhani ni mambo ya kiyama. Sisi saba na wale wanne, Jumamosi tatu, hakuna aliyewahi kuliona hilo. Siku hizi inaitwa "Usipitwe".

Mambo mengine yalikuwa madogo. Kitufe cha kusoma zaidi kilikuwa kidogo kuliko kidole gumba cha mtu aliyesimama kwenye matatu. Kiungo cha kujiondoa kilikuwa kimefichwa chini kwa herufi za kijivu, na jamaa wa boda alisisitiza kiwe wazi: "Nikitaka kutoka nitoke, kama geti." Sheria inamuunga mkono. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inakupa haki ya kuondoa idhini yako, na tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinawataka watumaji wakubwa waweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja. Tena, anayekosa mlango wa kutoka hubofya kitufe cha barua taka, na hilo huumiza jarida kwa kila mtu.

Kuhusu pesa yetu

Sitaki uondoke ukidhani ilikuwa arusi. Jumamosi mbili za kwanza tulilipwa nauli tu. Jamaa wa boda alikuwa anapoteza siku nzima ya kazi, na Jumamosi ndiyo siku yake nzuri. Nilisema wazi kwamba kushirikisha watu kunaweza kugeuka kuwa njia tamu ya kupata kazi ya bure, hasa kwa vijana, maana sisi hulipwa kwa kuambiwa tutapata jina. Mhariri alikwenda akapigania bajeti. Kuanzia ya tatu tulilipwa marupurupu ya siku. Si mengi, ila sikulazimika kuuliza mara mbili.

Pia, jarida jipya lilipokuwa na wiki sita, nilifungua Alhamisi asubuhi nikakutana na godoro limerudi juu kabisa. Jamaa wa boda, ambaye siku hizi huwasha picha ili kuwachunguza tu, alipiga picha ya skrini akaituma kwenye kundi letu bila neno lolote. Mhariri alipiga simu saa mbili asubuhi. Mteja alikuwa ameshinikiza, mtu wa juu akakubali. Wiki iliyofuata godoro lilirudi chini ya habari ya tatu. Kama kundi lile lingevunjwa baada ya picha ya pamoja, nani angegundua?

Kama nawe una jarida lako

Labda unaandikia klabu ya chuo, kanisa, chama au biashara yako ndogo. Haya ndiyo ningekuambia tukiwa kibandani:

Jitumie barua yako kwanza, uifungue kwenye simu ya bei nafuu, picha zikiwa zimezimwa. Kisichosomeka hapo kitengeneze upya.

Andika vichwa kwa maandishi, usiviweke ndani ya picha. Tumia safu moja tu.

Teremka hadi mwisho uone kama barua imekatwa. Ikikatwa, punguza vitu, na ukinakili maandishi yabandike bila mapambo yake.

Kitu chenye siku ya mwisho kiweke juu, hata kama hakikufurahishi kukiandika. Wewe unaweza kukiona kidogo. Anayekihitaji hakioni kidogo.

Usiamini sana idadi ya waliofungua. Angalia wanaokujibu, wanaobofya, na wanaokuuliza mbona wiki hii hujatuma.

Halafu tafuta watu watano, keti nao, wape simu na ufunge mdomo. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu.

Mpaka Desemba

Uamuzi wa wakubwa bado haujatoka. Mhariri amewapelekea majibu ambayo wasomaji wametuma badala ya ile takwimu ya zamani, na anangoja. Mzee wa insha sasa huniandikia kabla ya kuchapisha, kuniuliza ni sentensi gani mbili angeweka juu. Huwa nakosea, na yeye hufurahi.

Mimi sijarudi chuo. Wengine huuliza, nami huwaambia natafuta, na ni kweli. Wiki mbili zilizopita kwenye "Usipitwe" kulikuwa na basari ya kaunti yangu, mstari wa pili kutoka juu. Nilichukua fomu Ijumaa, afisi ikiwa wazi, siku tisa kabla ya kufungwa. Sijui kama nitapata.

Barua ambazo sijasoma sasa ni 4,390.